Usiniulize mili ngapi, niambie unapiga picha saa ngapi

Haya jamani tukae, mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele vipo na havina mwenyewe. Nimeombwa niongelee lenzi za kuvuta mbali, ipi uchukue kama unapenda kupiga picha za wanyama na michezo kwa raha zako, siyo kazi ya kuajiriwa. Apacha ni tundu la lenzi la kuingizia mwanga, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa, shata ni muda wa kupokea mwanga, 1/1000 ni sehemu ya elfu ya sekunde, ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga, hayo mnayajua, sirudii. Naanza na kitu ambacho mnaonifahamu mmeshakisikia mpaka mmechoka, na leo nakisema tena kwasababu wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu watatu na swali ni lilelile, kaka nichukue mili 400 au mili 600, yaani zile milimita za lenzi, zikiwa nyingi inavuta mbali zaidi? Hakuna hata mmoja aliyeniambia anapiga nini, anasimama wapi, wala saa ngapi. Saa ngapi ndo kitu cha kwanza! Mili inafuata baadae.

Ngoja niwape kisa, nikichukua muda mnivumilie.

Kulikuwa na fainali ya ligi ya mtaa hapahapa Dodoma, uwanja wa shule, mwezi wa saba ule wa upepo na vumbi. Zawadi mbuzi na seti ya jezi. Ratiba inasema mpira saa 9 alasiri. Mnajua wenyewe, mgeni rasmi hajafika. Tukakaa, timu zikapasha mpaka zikapoa, saa 10 na nusu mgeni akaingia, utambulisho, risala, kushikana mikono na wachezaji mmoja mmoja, kipyenga kikalia saa 11 kamili. Mimi nimebeba lenzi yangu mpya ya 150-600, zumu ya kutoka mili 150 mpaka 600, ile ambayo mwisho kabisa apacha yake ni f/6.3, nimeisevia miezi, nimejiona mwanaume. Na kipindi cha kwanza kweli nilipiga picha nzuri sana siwadanganyi, mwanga wa jua unatokea upande wa magharibi, vumbi limegeuka rangi ya chungwa, winga yuko ng'ambo ya uwanja nikamvuta mpaka naona jasho.

Wakacheza dakika 35 kila kipindi, sare, penati. Sasa angalieni saa, imeshafika saa 12 na dakika 35. Jua la kwetu halina kuaga, likishagusa kilima limekwenda. Nikapandisha ISO 800, nikapandisha 1600, nikafika 3200 ambayo kwa kamera yangu ya wakati ule ndo ukingo, zaidi ya hapo ni chenga tupu kama tv ya zamani isiyoshika stesheni. Apacha nimefungua mpaka mwisho, 6.3. Shata inanisomea 1/200. Kipa alikuwa kijana mdogo amevaa glavu za fundi ujenzi, zile za kitambaa zenye mpira mwekundu kiganjani. Penati ya mwisho akaruka kushoto, akaigusa kwa ncha za vidole, ikagonga mwamba ikatoka. Uwanja mzima ukaingia ndani. Mimi nikaangalia kioo cha kamera, nimepata mwili mrefu kama moshi, mkono mmoja haupo kabisa, mpira umekuwa mstari.

Nyuma ya goli alikaa dogo mmoja ana 70-200 ya f/2.8 ya zamani sana, rangi imebanduka chuma kinaonekana, ile pete ya zumu mpira wake uliisha akaivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli. ISO 3200 kama mimi. Yeye shata yake 1/1000. Baadae akanionesha, unaona vidole vya glavu vimekunjwa nyuma na mpira, unaona vumbi linaruka kutoka kwenye kiganja. Ile picha iko ukutani kwa mama yake yule kipa mpaka leo.

Sasa tupige hesabu, maana wengine mnasema ni bahati. Chukua 6.3 gawanya kwa 2.8, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 5 na kitu kidogo. Maana yake lenzi yake inaingiza mwanga mara 5 ya lenzi yangu, kwa hiyo mimi nikiwa 1/200 yeye yuko 1/1000. Hamna uchawi hapo. Na mpira wa miguu 1/1000 ndo unapoanzia kuutuliza, chini ya hapo mguu unafutika.

Kuna mtu hapa anajisemea moyoni lakini yule alikuwa na 200 tu, asingemfikia winga wa ng'ambo. Sawa, asingemfikia. Lakini dogo hakukaa kwenye mstari wa kati kama mimi, alikaa nyuma ya goli. Mtu mwenye urefu wa kawaida akiwa mita 15 kutoka kwako, mili 200 kwenye kamera ya fulufremu, ile yenye sensa kubwa, inamjaza fremu nzima kichwa mpaka kiatu, ukiilaza kamera kawaida. Akiwa mita 40 anakuwa theluthi ya fremu, bado anakatika vizuri tu. Unasubiri waje golini kwasababu mpira mwisho wake ni golini! Uwanja wa mtaa hamna askari wa kukufukuza, unasogea. Nasema kila siku kwamba miguu yako ni zumu ya bure, na nyie mnataka kulipa mamilioni ili mkae kitini.

Mwingine anasema kamera za siku hizi ISO 12800 haina shida. Ni kweli kamera mpya zinavumilia na programu za kusafisha chenga zipo, silikatai hilo. Lakini huyo mwenye kamera mpya akiweka na f/2.8 si atakuwa bado yuko mara 5 mbele yako? Na wengi humu, tusidanganyane, mna kamera za mtumba za miaka kumi iliyopita. Kwa kamera hizo mwanga unaupata kwenye kioo cha lenzi.

Na hii ya tatu ndo inanikera kuliko zote, eti lenzi yangu ina stabilaiza. Wauzaji ndo wanawaambia hivyo. Stabilaiza inatuliza mkono WAKO, haimtulizi kipa. Tembo amesimama anakula, sawa, stabilaiza itakusaidia upige hata 1/60 ukiwa umeshika mkononi. Mtu anayekimbia, ndege anayeruka, haisaidii hata kidogo, mwenye kusaidia ni shata, na shata inakula mwanga.

Kwa hiyo kama wewe unapiga michezo, na michezo ya kwetu inaisha magharibi au iko ukumbini chini ya taa za njano, chukua 70-200 f/2.8. Najua bei. Ndo maana nasema ya mtumba. Canon wana ile ya kwanza ya mwaka 1995 isiyo na stabilaiza, watu wanaikimbia kwasababu hiyo hiyo na wewe ndo unaifuata, kwa mpira stabilaiza huihitaji. Wa Nikon kuna 80-200 f/2.8 ya zamani, ile ya D, nzuri mno, ila jamani, hii lenzi haina mota ya kufokasi ndani, inategemea mota ya kamera, na kamera za Nikon kama D3500 au D5600 hazina hiyo mota. Utafokasi kwa mkono mechi nzima. Kuna dada alinunua hivyo akaja kwangu analia, aliyemuuzia hakumwambia neno. Na kama hela haifiki hata huko, mili 85 ya f/1.8, ndogo, nyepesi, ukiwa pembeni ya uwanja wa basketi au ulingo wa ndondi utashangaa.

Haya, wanyama. Hapa sasa mnasema eeh hapa 600 ni lazima. Hapana. Ngoja.

Tembo mwenye kimo cha mita 3 akiwa mita 50 kutoka kwenye gari, mili 200 inamfanya nusu ya kimo cha fremu. Na tembo wa hifadhi ya Ruaha kiangazi wanateremka mtoni, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi maji yamebaki kwenye mto Ruaha na madimbwi, hauwafuati wewe, wanakuja wenyewe. Mara nyingine unalazimika kupunguza zumu! Mtu mwenye mili 600 isiyo zumu anabaki na jicho na sikio la tembo.

Kisha kuna kitu kinaitwa joto. Nilikwenda Ruaha mwezi wa tisa, kutoka hapa unashuka kwa Mtera mpaka Iringa halafu unakunja kulia, saa 7 mchana nikamkuta simba jike chini ya mbuyu, mbali, kama mita 150. Nikafungua mpaka 600, nikapiga picha themanini. Zote laini, manyoya yamekuwa kama sufi iliyolowa. Nikaamini lenzi imeharibika, nikampelekea fundi, nikamlipa, akanirudishia akasema nzima. Kesho yake nikapiga paka wa jirani asubuhi, kila unywele unauhesabu. Tatizo lilikuwa yale mazigazi, unayajua yale maji ya uongo unayoyaona mbele ya lami ukienda Manyoni mchana, ile hewa inayocheza ndo ilikuwa kati yangu na simba mita zote 150, na mili 600 inaikuza hewa kama inavyomkuza simba. Lenzi ya bei yoyote, hata ya bei ya Noah, haipenyi hapo. Dawa ni mbili, sogea au rudi alfajiri. Na zima kiyoyozi ushushe kioo mapema, hewa ya baridi ya ndani ikikutana na ya moto pale dirishani nayo inacheza, na boneti la moto usipige juu yake.

Sasa ukirudi alfajiri, simba anatembea, mwanga mdogo, tumerudi kulekule kwenye apacha. Mnaona? Saa ngapi!

Kwa mtu wa mara moja moja, mimi naona 100-400 ndo lenzi ya wanyama wa kwetu. Ile ya Canon ya mwaka 2014 ina kilo 1.6 hivi, unaishika mkononi siku nzima, na kwenye kamera ya kropu ya Canon, ile yenye sensa ndogo, mili 400 inaona kama 640. Ndiyo nasikia huko nyuma, kropu haiongezi mili, inakata tu pembeni, najua, nimesema INAONA KAMA. Kwa anayetazama picha ni kilekile.

600 ni ya ndege. Hapo nakubali mikono miwili. Mdiria yule mweusi na mweupe wa bwawa la Hombolo, ni ndege wa sentimita 25, anasimama hewani anapiga mbawa palepale halafu anajitupa majini kichwa mbele. Akiwa mita 20, mili 200 unampata punje, mili 600 anakuwa theluthi ya fremu. Na hapo ni mchana, jua kali, f/6.3 na ISO 400 unapata shata kama 1/2500, mwanga unao mpaka wa kuazima. Kwa hiyo lenzi yangu ile ya fainali haikuwa mbaya. Niliipeleka kwenye kazi ya magharibi wakati yenyewe ni ya mchana. Zile za Canon za 2020 za mili 600 na 800 zenye apacha moja tu ya f/11 ndo hivyohivyo, nyepesi, bei ina unafuu, saa 4 asubuhi Bahi kwenye maji ni raha tupu, saa 12 jioni unaifunga kwenye begi.

Muda unaniishia kwa hiyo haraka haraka. Telekonvata, kile kipande unachofunga kati ya kamera na lenzi kuongeza mili, ile ya 1.4 inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, na ile ya 2 inakula mbili, ukiifunga kwenye f/5.6 unapata f/8 au f/11 na kamera nyingi za zamani zinaacha kufokasi, jaribu kabla hujalipa. Tripodi kwenye gari la hifadhini sahau, hushuki ovyo mle, chukua kiroba kidogo cha mchele au maharage ukiweke dirishani lenzi ilale juu yake, zima injini. Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi kutoka nyuma, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui huo ni ukungu, mrudishie. Na usibadili lenzi kwenye upepo wa Dodoma, tafadhali. Niliandaa na habari ya lenzi za zumu na zisizo zumu, naiacha.

Nje watoto wameshaanza mpira, imebaki saa nzima kabla jua halijazama, maswali tutajibizana hukohuko. Mwenye f/2.8 aje asimame upande wangu, mwenye 150-600 asimame pembeni yake, apacha fungueni mpaka mwisho, ISO wote 3200, na kila baada ya dakika 10 mnanisomea shata zenu kwa sauti.