Dubai hadi Manda: zile saa mwazihesabuje?

Asalaam alaikum jamaa wa Amu (Lamu), mnaopokea wageni kutoka Dubai. Wa Malindi msikasirike, zamu yenu yaja.

Ukiiuliza simu umbali wa Dubai hadi Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, itakwambia kilomita 3,430 hivi, saa nne na kitu. Kilomita ni kweli. Saa ni za ndege ambayo haipo. Msafiri hupelekwa kwanza Nairobi, kilomita 3,560, mbali kuliko Lamu yenyewe, halafu arudishwe pwani kilomita 455 nyingine.

Sasa shika tiketi. Yasema kuondoka 10:00, kufika 14:00. Si saa nne hizo! Kila wakati kwenye tiketi ni wa mji wake, na Dubai iko mbele ya Kenya kwa saa moja. Ni saa tano, tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inapoegesha.

Na wapokeaji jamani, toeni sita kwenye saa ya tiketi. 08:00 ni saa mbili asubuhi. Mtu akiandika "nafika saa nane" kwa kusoma tiketi, boti itakwenda kumngoja saa nane mchana, naye yuko juani tangu asubuhi.

Nairobi ndipo siku inapoliwa. Pasipoti hugongwa muhuri pale, mabegi huchukuliwa pale, forodha pale. Kisha tazama herufi tatu za uwanja kwenye tiketi ya pili, ya kwenda Lamu. NBO ni JKIA, uwanja huo huo uliotua. WIL ni Wilson, uwanja mwengine wa Nairobi, kama kilomita 15 kwa barabara, na foleni ya Nairobi mwaijua. Mimi ningeacha saa nne katikati, hasa tiketi zikiwa mbili mbalimbali, maana ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji wala haikuombi radhi.

Kutoka hapo inategemea ndege. Dash 8 Q400, ndege ya injini mbili, hufika kwa kama saa moja. Caravan ya injini moja, mwendo wake kilomita 330 kwa saa, yataka karibu saa moja na nusu, zaidi ikipitia kwengine. Mizigo ya Caravan huingia kwenye kisanduku chini ya tumbo la ndege, kwa hiyo sanduku gumu ni tabu. Begi laini hukunjika likaingia. Kilo zisomwe kwenye tiketi ya Lamu, si ya Dubai: ndege ndogo mara nyingi hutoa 15 tu. Na mifuko ya plastiki ya madukani msibebe, Kenya imeipiga marufuku tangu 2017.

Manda hakuna teksi ya kukufikisha mjini. Ni kutembea hadi gatini, kisha boti, dakika kumi hivi. Maji yakikupwa, boti huwa chini sana na ngazi za chini zina mwani. Mzigo utangulie, msafiri afuate mikono mitupu, mmoja amshike kutoka chini.

Malindi, yenu fupi. Nairobi hadi kwenu ni kilomita 410 angani. Anayeshukia Mombasa moja kwa moja kutoka Dubai ana kilomita 120 za barabara, na lazima akate kisiwani, daraja la Nyali, kisha Mtwapa. Saa mbili ni kwa bahati. Dereva ang'oe nanga Malindi ndege ikiwa bado na saa mbili angani. Muhuri na mabegi hapo Mombasa vitamla msafiri karibu saa nzima, wakutane nje.