Steaua 1986: Mtoano Hauna Sapu

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari za michezo, Dar es Salaam. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Haya, tuanze. Waliochelewa watatukuta njiani. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, nawaona pale nyuma mnavyokonyezana. Vumilieni tu. Nitaacha kulisema siku watangazaji wetu watakapoacha kuliharibu. Juzi nimemsikia mchambuzi mmoja, simtaji, anasema Steaua Bucharest, klabu ya Romania iliyobeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya 1986, ni "bingwa wa ngekewa" wa Ulaya. Eti msimu wa 1985/86 ulikuwa msimu wa bure: Waingereza hawapo, fainali haina hata goli moja, kombe limeamuliwa kwa penalti za kubahatisha. Nikazima redio.

Hoja yangu ni moja, na leo nitaitetea kwa msimu huo huo anaoudharau. Mtoano wa zamani haukuwa mchezo wa bahati. Ulikuwa mtihani usio na sapu, hakuna kurudia. Ukifeli raundi moja, unafungasha. Na ndiyo maana wakubwa waliuchukia, wakaubomoa.

Mfumo wenyewe mnaujua, sipotezi muda: bingwa wa kila nchi, mechi ya kwanza na marudiano, mkilingana jumla ya magoli anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini, fainali moja. Hakuna makundi. Hakuna nafasi ya nne ya Hispania wala ya nne ya Uingereza. Umechukua ligi yako, au wewe ndiye bingwa mtetezi, unacheza; la sivyo, unatazama.

Naona mkono umeshapanda. Waingereza, siyo? Nilijua. Sikilizeni. Tarehe 29 Mei 1985, pale Heysel, Brussels, walikufa watu 39 katika vurugu za mashabiki kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Klabu za Uingereza zikafungiwa, na hivyo Everton, bingwa wa Uingereza, akakosa Kombe la Mabingwa. Everton ile ilikuwa timu kali, sibishi. Ilikuwa imetoka kuchukua Kombe la Washindi mwezi huo huo. Na sibishi kwamba kati ya 1977 na 1984 klabu za Uingereza zilibeba kombe hili mara 7 katika misimu 8. Lakini mtu akisema "Waingereza hawakuwepo" huwa anasahau kutaja waliokuwepo. Juventus ya Platini, bingwa mtetezi, ilikuwepo. Bayern Munich ilikuwepo. Aberdeen ya Alex Ferguson ilikuwepo, maana Scotland haikufungiwa.

Sasa fuateni mnyororo, ndipo utamu ulipo. Juventus ilitolewa na Barcelona robo fainali, 1-0 Hispania na 1-1 kule Turin. Bayern walitolewa na Anderlecht, robo fainali hiyo hiyo: walishinda 2-1 nyumbani, wakachapwa 2-0 Ubelgiji. Aberdeen walitolewa na Göteborg ya Sweden kwa magoli ya ugenini, bila kupoteza mechi hata moja. Ferguson akaenda Manchester United mwezi Novemba mwaka huo, mengine mnayajua kuliko majina ya shangazi zenu.

Anderlecht aliyemtoa Bayern alitolewa na nani? Na Steaua. Walikwenda Brussels wakafungwa 1-0, goli la Scifo. Wakarudi Bucharest wakapiga 3-0, Pițurcă mawili, Balint moja. Kabla ya hapo walikuwa wamefungwa 1-0 na Honvéd kule Budapest, wakarudi nyumbani wakapiga 4-1. Robo fainali waliwakuta Kuusysi Lahti wa Ufini, ambao hakuna aliyewatarajia, wakatoka suluhu Bucharest. Suluhu nyumbani, dhidi ya Wafini! Wakaenda Helsinki na goli likapatikana dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho, Pițurcă tena. Mnaona hapo? Mara mbili wamefungwa ugenini wakageuza, mara moja wamebanwa kwao wakaenda kumaliza kazi kwa wenyewe.

Sasa njooni kwa Barcelona, huyo ambaye "alidhulumiwa na bahati". Raundi ya kwanza, Sparta Prague: wameshinda 2-1 kule, wamefungwa 1-0 kwao Camp Nou. Wamepita kwa goli la ugenini. Raundi ya pili, Porto: wameshinda 2-0, wamefungwa 3-1, Juary Mbrazili akifunga yote matatu. Wamepita kwa goli la ugenini, la Archibald. (Huyo Juary ndiye aliyefunga goli la ushindi la Porto katika fainali ya mwaka uliofuata.) Nusu fainali, Göteborg: wamepigwa 3-0 Sweden, wamerudisha 3-0 nyumbani, magoli yote ya Pichi Alonso, wamepita kwa penalti 5-4. Kwa hiyo mara mbili wameokolewa na kanuni, mara moja na matuta. Niambieni, kati ya hawa wawili, nani kafika fainali kwa ngekewa? Na hata Barcelona siwatukani. Walikuwa wanafaulu mtihani kwa alama za pembeni, lakini walikuwa wanafaulu.

Mtu asiniambie magoli ya ugenini yalikuwa dhuluma. UEFA waliyafuta 2021 na dunia haijawa bora. Waulizeni Wakenya. Gor Mahia alibeba Kombe la Washindi la Afrika 1987 kwa kanuni hiyo hiyo: 2-2 Tunis dhidi ya Espérance, 1-1 Nairobi. Mwambie shabiki wa K'Ogalo kwamba kombe lile ni la kubahatisha, halafu ujue pa kukimbilia.

Turudi kwenye fainali yenyewe, mjini Sevilla, Hispania.

Tarehe 7 Mei 1986, uwanja wa Ramón Sánchez Pizjuán, watu wapatao 70,000. Waromania walioruhusiwa na serikali yao kusafiri walikuwa wachache mno. Barcelona hawajawahi kubeba kombe hili, walipoteza fainali ya 1961 kwa Benfica 3-2, na sasa wanaletewa fainali Hispania, dhidi ya timu ambayo nusu ya uwanja hawawezi kuitamka. Kocha wao Terry Venables, Mwingereza, kumbe Waingereza walikuwepo. Sisi huku Bara mwaka ule hatukuwa hata na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho, na hawaachi kutukumbusha mpaka leo.

Mechi yenyewe mbovu. Nasema mimi, mtetezi wake. Nimeirudia mara nyingi na inachosha. Kocha wa Steaua, Emerich Jenei, aliwaambia vijana wake wakae na mpira, pasi fupi fupi, uwanja upoe. Ukapoa. Ingekuwa leo mngesema wamepaki basi, na mngekosea, kwa sababu basi hupakiwa na asiye na mpira. Nahodha Stoican alikuwa na adhabu, hakucheza. Wakipungukiwa nguvu, kipindi cha pili anaingizwa Anghel Iordănescu, msaidizi wa kocha, miaka 36! Kocha msaidizi anavua koti, anaingia fainali ya Ulaya. Upande wa pili Venables anamtoa Schuster, akili ya timu, zikiwa zimebaki dakika tano, na Pichi Alonso, aliyewafikisha pale kwa magoli matatu, anakaa benchi mpaka muda wa nyongeza unakaribia kwisha. Dakika 120, bila goli.

Sasa penalti. Hapa ndipo nataka mkae sawa, na simu mziweke chini, mikeka itawasubiri.

Steaua wanaanza. Majearu anapiga, Urruti, kipa wa Barcelona, anapangua. Urruti si kipa wa mchezo: mwaka uliotangulia aliokoa penalti kule Valladolid siku Barcelona walipochukua ubingwa wa ligi. Anakuja Alexanko, nahodha wa Barcelona. Kipa wa Steaua, Helmuth Duckadam, jitu lenye masharubu kutoka upande wa Arad, anaruka kulia kwake. Anapangua. Bölöni anapiga, Urruti anapangua tena. Wapigaji watatu, goli hakuna, uwanja umeduwaa.

Anakuja Pedraza. Hapa simamisheni picha kichwani. Duckadam alilieleza baadaye mara nyingi: alijiweka kwenye nafasi ya mpigaji. Mpigaji kamwona kipa ameruka kulia. Mpigaji atajiambia, kipa huyu sasa atabadilisha, ataruka kushoto, kwa hiyo mimi nipige kule kule alikotoka. Basi Duckadam hakubadilisha. Kaenda kulia tena. Kapangua. Hiyo ni ya pili.

Lăcătuș anafumua, goli, 1-0. Anakuja Pichi Alonso, shujaa wa nusu fainali, kaingia dakika chache zilizopita, miguu haijapata moto. Na yeye anafikiri. Mara mbili kulia, mtu mwenye akili timamu hawezi kwenda mara ya tatu. Duckadam kaenda mara ya tatu. Kapangua. Balint anapiga, goli, 2-0. Marcos akikosa, imekwisha. Sasa Marcos afikirie nini? Kipa ni wa kulia, kila mtu kaona. Na Duckadam anajua kwamba kila mtu kaona. Safari hii akaruka kushoto.

Penalti nne kati ya nne. Barcelona hawakufunga hata moja, na hakuna iliyopaa wala kugonga mwamba; zote zimekutana na mikono ya mtu mmoja. Halafu mtu mzima anakaa kwenye kipaza sauti anasema "bahati nasibu ya penalti". Bahati nasibu unanunua tiketi unasubiri. Huyu bwana alikuwa anasoma watu, mmoja baada ya mwingine, mbele ya watu 70,000 wanaomzomea. Urruti kapangua mbili katika fainali ya Ulaya na leo hakuna kati yenu aliyekuwa anajua jina lake. Hebu semeni ukweli. Nilijua.

Najua mtakaponibana tena: Steaua ilikuwa timu ya jeshi, mtoto wa Ceaușescu, mtawala wa Romania, alikuwa mlezi wake, ligi ya kwao ilipindishwa. Baadaye walikaa mechi 104 za ligi bila kufungwa, na mimi pia nikiziangalia mechi nyingine nakuna kichwa. Sawa. Lakini mwamuzi wa Sevilla, Michel Vautrot, alikuwa Mfaransa. Uwanja wa Kihispania. Mashabiki wa Kihispania. Mkono wa Ceaușescu ulifika mbali, lakini hauwezi kumchagulia Marcos upande wa kupiga. Hilo ndilo zuri la mtoano: vya nyumbani unaviacha nyumbani.

Dakika ngapi? Kumi? Aa, basi nakimbia.

Walioubomoa. Mwaka 1987 kura ilipanga Real Madrid na Napoli ya Maradona raundi ya kwanza kabisa, Napoli wakatoka mapema mno, na Silvio Berlusconi, mwenye Milan, akawa mmoja wa waliopiga kelele kwamba biashara haiendeshwi hivyo. Msimu wa 1991/92 makundi yakaingia. Leo kuna timu 36, kila moja mechi 8 kabla mtu wa maana hajatoka. PSG msimu wa 2024/25 walifungwa mechi tatu katika hatua hiyo, na Arsenal, Atlético na Bayern, wakamaliza nafasi ya 15, wakapita mlango wa nyuma wa mchujo, na tarehe 31 Mei 2025 wakaipiga Inter 5-0 Munich. Mechi 17. Steaua walicheza 9. Utaniuliza, PSG hawakuwa bora Ulaya? Walikuwa bora, mwezi Mei. Nawasifu. Ila msiniite mtoano kitu ambacho unaweza kufungwa mara tatu na bado upo. Hiyo ni ligi yenye fainali mwishoni. Itazameni, ifurahieni, lakini mkikaa studio msiipimie Steaua kwa kipimo hicho.

Afrika nilitaka kusema kirefu, haiwezekani. Simba 1979: wamepigwa 4-0 hapa Dar na Mufulira Wanderers, wameenda Zambia wameshinda 5-0. Watu wa Yanga msigune, ni historia ya taifa. Mechi mbili, basi. Ingekuwa kwenye makundi, ile 4-0 ingekuwa tarakimu tu kwenye jedwali.

Belodedici: alikuwa beki wa Steaua ile, akakimbia Romania 1988, akabeba kombe tena na Red Star Belgrade 1991. Suluhu na penalti vilevile. Someni wenyewe.

Duckadam: kiangazi kile kile akapata tatizo la mishipa ya damu mkononi, na soka la juu likaishia hapo. Zile hadithi za mitandaoni kwamba watu wa Ceaușescu walimvunja mikono kwa sababu ya gari la zawadi, mwenyewe alizikana. Amefariki Desemba 2024. Ukiandika habari yake, andika ugonjwa, usiandike hadithi.

Na la mwisho, maana nimesahihisha kazi zenu: Gheorghe Hagi, yule nyota wa Romania, hakuwepo Sevilla. Hakuwepo! Alikuja Steaua 1987, kwa ajili ya Kombe la Super la Ulaya dhidi ya Dynamo Kyiv, akafunga goli pekee la mechi ile, wakamng'ang'ania. Waliomwandika kwenye kikosi cha fainali ya 1986 ni zaidi ya mmoja, na mmenakiliana. Njooni mchukue karatasi zenu hapa mbele.