Msikie Kabla Hajahamia Kiingereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo la leo, kujifunza Kiwelisi kwa kusikiliza, tena zaidi ya mara moja, na nitaendelea kulisema maana bado naona madaftari yamejaa na masikio yana njaa.

Sina haja ya kuwaeleza Welisi, yaani Wales, ni nchi ya namna gani, mnaishi humu. Watoto wenu wanafundishwa Kiwelisi shuleni mpaka wafike miaka 16. Nyinyi wenyewe mko madarasa ya jioni, wengine mmeshavuka Mynediad, ngazi ya kuanzia, mko Sylfaen, ya msingi, wengine Canolradd, ya kati. Mnasoma vizuri, mnaandika vizuri. Halafu mnakuja kwangu na malalamiko yaleyale: "Mwalimu, wenyeji hawataki kuzungumza nasi Kiwelisi. Tukianza tu, wanahamia Kiingereza."

Wanataka sana. Wanahama kwa sababu hamkuwasikia.

Niwape kisa cha muuguzi mmoja, dada yetu wa Tanga anayeishi Caernarfon, na ruhusa nimeiomba. Jirani yake ni bibi mtu mzima, Kiwelisi ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Siku moja dada akabisha hodi, akasalimu "Pnawn da", yaani mchana mwema, akajitambulisha, akaeleza kwamba anakaa nyumba ya pili. Yote kwa Kiwelisi, na matamshi yake ni mazuri kweli. Bibi akafurahi, akamkaribisha ndani, akamwuliza: "Gymwch chi banad?"

Maneno matatu. Dada akanyamaza, akatabasamu, akaanza kutafuta kichwani. Ni muda wa kuvuta pumzi moja tu. Bibi, kwa wema wake, akauliza upya kwa Kiingereza kama mgeni atakunywa chai. Kuanzia hapo mpaka dada anaaga, hakikusemwa tena Kiwelisi ndani ya nyumba ile.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Kitabuni limeandikwa hivi: "A gymerwch chi baned?" Utakunywa kikombe cha chai? Neno paned mlifundishwa wiki za mwanzo kabisa. Cymryd, kuchukua, mnalo. Lakini angalieni lilivyotoka mdomoni mwa bibi. Ile "A" ya kuuliza imemezwa, haisikiki, ila imeacha alama yake: c ya cymerwch imegeuka g. Katikati silabi nzima imeanguka, gymerwch ikawa gymwch. Paned iko nyuma ya kitenzi inachotendwa nacho, kwa hiyo p imegeuka b. Na watu wa pande zile hutamka e ya silabi ya mwisho kama a, basi ikawa banad. Dada alikuwa anajua kila kitu kilichomo katika swali lile. Angeandikiwa kwenye karatasi angejibu papo hapo. Sikioni hakulitambua hata neno moja, na hata angefungua kamusi atafute banad kwenye B na gymwch kwenye G, asingeyakuta.

Hapo ndipo Kiingereza kinapoingilia. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi 538,300 nchini hapa, yaani asilimia 17.8 ya watu wa miaka 3 na kuendelea. Hata Gwynedd, jimbo lenye Caernarfon, ambako ni asilimia 64, karibu kila mtu mzima anakijua Kiingereza vilevile. Mgeni akikwama sokoni Kariakoo, muuza nyanya atarudia, atapaza sauti, ataonyesha kwa vidole, maana huenda hana lugha nyingine ya kumpa. Hapa lugha nyingine iko tayari ulimini. Ukisema polepole, watakusubiri. Ukikosea sarufi, watakusamehe, hata hawatakutajia. Ila ukishindwa kusikia walichosema, wanadhani wanakutesa, na kwa huruma wanakuhamisha. Nani atawalaumu? Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba atafanya mazoezi ya kusikiliza akishajua kuongea, mimi namwuliza: utaongea na nani?

Nirudi kwenye herufi za mwanzo wa neno zinazobadilika, treigladau, maana najua wengine mnazichukia. Mnazisoma kwa majedwali: c huwa g, p huwa b, t huwa d, halafu kuna za puani, halafu kuna za pumzi. Jedwali ni sahihi kabisa, na halijawahi kumsaidia mtu kuelewa sentensi iliyokwisha kupita. Chukueni paka. Paka ni cath. Paka wa mwanamume ni ei gath. Paka wa mwanamke ni ei chath. Paka wao ni eu cath. Kwenye karatasi mnaona ei na eu, mnatulia. Katika mazungumzo ya kawaida yote mawili hutamkwa i, fupi, kama i yetu. I gath, i chath, i cath. Mwenye paka anajulikana kwa konsonanti moja peke yake: g, au kh, au k. Mara nyingi watamalizia kwa o (yeye mwanamume), hi (yeye mwanamke) au nhw (wao) kukusaidia, lakini si kila mara. Sikio lisilozoea kushika konsonanti ile litakuwa halijui paka ni wa nani, wala gari, wala mtoto, na habari yote itapinduka.

Mtasema ni mambo ya ajabu, lugha gani inabadilisha neno kichwani? Yetu! Ulimi ukiwa wengi ni ndimi. Mti ni mrefu, nyumba ni ndefu. Hakuna mtoto wa Mombasa anayechanganyikiwa akisikia ndefu, na hakuna aliyemchorea jedwali. Amesikia mara elfu. Tena sauti zenyewe nyingi tunazo: dd yao ni dh ya dhahabu, th ni ya thelathini, ch ni ile kh ya kheri anavyoitamka mtu wa Lamu. Ngh ni ng' ya ng'ombe ikifuatwa na h. Mkazo wao unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Kitakachowapoteza ni kwamba sauti hupanda kwenye silabi ya mwisho, na kilicho kabla ya mkazo hulika: esgidiau, viatu, inakuwa 'sgidia. Ll ndiyo pekee inayohitaji jasho.

Najua kuna mtu hapa ana jibu tayari: "Mimi nawasha Radio Cymru, redio ya Kiwelisi, kutwa nikipika." Mama yangu, pika kwa amani. Redio ikiwa nyuma ya kelele za sufuria inakuzoesha mdundo, nakubali, lakini haikufundishi ulichokikosa, kwa sababu hujui kama umekikosa. Saa tatu za namna hiyo nazibadilisha kwa dakika ishirini za kazi ninayowaomba siku zote.

Kazi ni hii. Tafuta kipande cha dakika moja, kisizidi, chenye maandishi yake. Sikiliza mara ya kwanza mikono mitupu. Sikiliza tena, sema moyoni jambo gani linazungumzwa. Halafu kalamu: fanya imla, andika unachosikia, hata kama ni upuuzi, hata kama ni nusu ya neno, ukirudisha sentensi moja mara tano, mara kumi. Andika banad kama umesikia banad. Ukishafika mwisho wa uwezo wako, sasa fungua maandishi na ulinganishe. Pale yanapotofautiana ndipo darasa lako la siku hiyo lilipo. Silabi iliyoanguka utaiona kwa macho, kisha unarudi kusikiliza mpaka sikio liisikie ilivyoanguka. Kesho yake sikiliza kipande kilekile kabla ya kuchukua kipya. Anayesoma maandishi kwanza ameshaiharibu kazi, maana baada ya hapo atasikia alichosoma.

Mtu ataniuliza kama aruhusiwe kupunguza kasi ya rekodi. Ruksa. Rekodi iliyopunguzwa kasi bado inasema gymwch. Mwalimu anayepunguza kasi kwa huruma ndiye anayekudhuru, kwa kuwa atakurudishia gymerwch nzima, na nje hakuna mtu anayekungoja nayo. Walimu wenzangu, nawaomba hili kwa dhati: acheni kuwasomea watu kama mnaandika ubaoni.

Maandishi ya chini ya skrini kwenye S4C, televisheni ya Kiwelisi: ya Kiingereza zimeni. Hapo unasoma Kiingereza huku Kiwelisi kinapita. Ya Kiwelisi, vipindi vilivyo nayo, yawasheni mzunguko wa pili.

Na msiniambie hakuna pa kusikiliza. Radio Cymru iko hewani tangu 3 Januari 1977. S4C ilianza 1 Novemba 1982, baada ya mwanasiasa Gwynfor Evans kutangaza mwaka 1980 kwamba atafunga kula mpaka afe kama serikali haitatimiza ahadi yake ya televisheni ya Kiwelisi. Mzee yule alikuwa tayari kufa ili lugha hii isikike majumbani, sisi tunayo simuni na tunafungua kitabu cha sarufi! Wanaoanza, kuna Pigion, podikasti ya Radio Cymru ya wanaojifunza, vipande vifupi. Kuna SaySomethinginWelsh, kozi iliyoanza 2009, inayokufanya usikie na ujibu bila kuandika. Vipindi vya watoto vya Cyw, kaeni na watoto wenu mvitazame. Raga ni nzuri mno kwa sababu unaona kinachosemwa: mtu akivuka mstari na mpira utasikia cais, bao la raga, na hutaisahau.

Lahaja nilitaka nizizungumze kwa kirefu, saa hainipi. Kwa kifupi: kaskazini "sasa" ni rŵan, kusini ni nawr, na "pamoja na" kaskazini ni efo, kusini gyda. Chagua ya jirani zako, isikilize hiyo mwaka mzima, ndipo uende upande wa pili. Tamthilia ya televisheni ya Pobol y Cwm, inayorushwa tangu 1974, ni ya kusini. Nyingine, Rownd a Rownd, ni ya kaskazini. Habari za Wawelisi wa Patagonia, waliofika Ajentina mwaka 1865 na kizazi chao bado kinasema Kiwelisi chenye lafudhi ya Kihispania, tuziache kwa siku nyingine.

Maswali nitayapokea baadaye. Nimeleta utabiri wa hali ya hewa, sekunde arobaini, mtangazaji wa kaskazini, kasi yake mwenyewe. Kalamu chini, karatasi ziwe zimefunikwa, yule kijana wa nyuma nawe funika. Nitaupiga mara tatu. Baada ya hapo mtaniambia mvua itanyesha upande gani wa nchi na lini, na atakayejibu anieleze ni neno gani alilishika.