Laini Moja, Mpigaji Mmoja: Mhadhara kuhusu Mbao za Matangazo za Kompyuta

Habari za mchana. Ahsanteni kwa kuja kusikiliza habari za mitambo iliyozimwa kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Twende Chicago, Januari 1978. Theluji imefunga jiji. Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM, amekwama nyumbani, anampigia simu mwenzake Randy Suess. Wote ni wanachama wa CACHE, klabu ya wapenzi wa kompyuta. Klabu kama hizo zilikuwa na ubao wa kubandikia vikaratasi: nauza hiki, natafuta kile. Kwa nini ubao huo usikae ndani ya kompyuta, watu wakausoma kwa simu? Suess akaunganisha mitambo, Christensen akaandika programu kwa asembli, lugha iliyo karibu na ya mashine yenyewe, ya prosesa ya 8080, na tarehe 16 Februari 1978 CBBS, yaani Computerized Bulletin Board System, ubao wa matangazo wa kompyuta, ikafunguliwa kwa umma.

Hoja yangu leo ni hii: aliyeisanifu hasa programu ile ni bili ya simu. Tazameni hata mahali ilipowekwa. Ilikaa kwa Suess, ndani ya Chicago, si kwa Christensen nje ya jiji, ili wapigaji wengi walipie simu ya karibu tu. Laini ilikuwa moja. Akishaingia mtu, wengine wote wanasikia mlio wa laini inayotumika, wanasubiri. Kasi ilikuwa biti 300 kwa sekunde, yaani kama herufi 30. Ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika moja kufika.

Kwa hali hiyo hakuna herufi ya bure. CBBS ilikuwa na amri ya X: mzoefu akiibonyeza, maelezo marefu yanakatwa. Tena ilikuuliza unahitaji herufi tupu ngapi. Swali gani hilo? Baadhi ya wapigaji hawakuwa na skrini. Walikuwa na mashine za kuchapa kwenye karatasi, na kichwa cha kuchapia kilichukua muda kurudi mwanzo wa mstari. Herufi zikija mapema, zinachapwa kichwa kikiwa bado njiani. Basi programu ilituma herufi tupu kadhaa, kupoteza muda tu. Mimi husema huo ndio ustaarabu wa programu: kumngoja mwenye mashine kuukuu.

Mwaka mmoja kabla, Christensen alikuwa ameshaandika njia ya kutuma faili, ile tuliyokuja kuiita XMODEM. Faili inakatwa vipande vya baiti 128, baiti moja ikiwa kama herufi moja. Kila kipande kina namba yake, na mwishoni jumla ya kuhakiki, yaani jumla ya baiti zake iliyobanwa ikae katika baiti moja. Mpokeaji anajumlisha mwenyewe: hesabu zikilingana, anaitikia, zisipolingana, anakataa na kipande kilekile kinarudiwa. Laini ikikwaruza, kinachorudiwa ni baiti 128 tu, huanzi upya. Jumla ya baiti moja haigundui kila kosa, lakini kwa disketi za siku zile ilitosha.

Programu nyingine za mbao, ABBS ya kompyuta ya Apple II na Forum-80 ya kompyuta ya TRS-80, nazitaja tu, nisonge mbele. RBBS-PC ya IBM PC iliandikwa kwa lugha ya BASIC, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuuchokonoa.

Fido, programu nyingine ya ubao, ina kisa kirefu zaidi. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alitaka ubao wake upelekeane barua na ule wa John Madill, Baltimore, upande wa pili wa nchi. Simu za mbali zilikuwa ghali mchana, nafuu usiku. Basi ikapangwa saa maalumu usiku wa manane ambapo binadamu hawapokelewi. Kompyuta zinapigiana zenyewe. Namba ikikosewa kwenye orodha, aliyeamshwa ni mtu aliyelala zake, kuinua simu anakutana na mashine. Mwaka 1985 watu wa St. Louis wakabana matumizi zaidi: barua zote za jiji lao zipokelewe na ubao mmoja, kisha zigawanywe kwa simu za karibu.

Sasa waulizeni walioanzisha barua pepe Nairobi. FidoNet, mtandao wa mbao hizo za Fido zilizopigiana, iliipa Afrika kanda namba 5. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI pale Nairobi lilikusanya barua za asasi za kiraia, zikabanwa pamoja na kupitishwa kwa simu hadi mtandao wa GreenNet, London, uliokuwa mlango wa kuingilia intaneti. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, nako palikuwa na kituo cha MUKLA, kwa mpango huohuo. Kilichohitajika ni kompyuta ya kawaida, modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu), na laini ya simu inayokubali kutulia kwa dakika chache.

Marekani, wavuti uliposhika kasi katikati ya miaka ya 1990, wapigaji walizihama mbao hizi upesi sana. Huku kwetu Fido iliendelea kubeba barua mpaka muunganisho wa moja kwa moja ulipopatikana.

Mwenye swali anyooshe mkono. La XMODEM nitalichora hapa ubaoni, chaki ipo.