Simu Haina Saizi Moja
Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, Morogoro, umeandikwa kama ulivyotolewa

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nitaanza na mama mmoja, mweka hazina wa kikoba katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mvomero. Miaka michache iliyopita nilitengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Niliipanga kwenye simu yangu, nikaijaribu kwenye simu za wenzangu wawili, ikakaa vizuri. Tukawapelekea. Wiki ya nne nikaitwa kikaoni. Daftari la katibu lilikuwa na hisa zote, simu ya mweka hazina ilikuwa na pungufu la wiki tatu nzima. Sanduku lipo katikati, kufuli zake tatu zimeshafunguliwa, na wanachama wote wanamtazama yule mama. Hesabu zikipishana kwenye kikoba, watu hawaiulizi simu. Wanamwangalia aliyeishika.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Hebu andika hisa moja kama unavyoandika siku zote." Akaandika jina, akaandika kiasi, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Nikamuuliza, "Mbona hujabonyeza Hifadhi?" Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. "Iko wapi hiyo Hifadhi, mwanangu?"

Haikuwepo. Mama haoni vizuri vitu vya karibu, na mjukuu wake alikuwa amemkuzia maandishi hadi kiwango cha mwisho. Maandishi yalipokua, kila kisanduku kikasukuma kilichokuwa chini yake. Kibodi nayo ilipofunguka ikala karibu nusu ya kioo. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa kimeshuka chini ya ukingo, na ukurasa niliuandika hivi kwamba hauvutiki juu wala chini. Hesabu ilipona kwa sababu katibu ana daftari. Lakini yule mama alikaa mbele ya majirani zake akishukiwa, na kosa lilikuwa kwenye msimbo wangu. Tangu siku hiyo sijaweza kuliona jambo hili la mpangilio wa kioo kama urembo.

Sasa tuingie kwenye hesabu.

Ukienda kununua simu Kariakoo, muuzaji anakutajia inchi. Anasema sita na nusu, nawe unadhani umejua ukubwa. Inchi hizo hupimwa kutoka kona hadi kona, hazikuambii upana. Akijua zaidi atakutajia pikseli, vile vinukta vidogo vinavyounda picha: hii ni 720 kwa 1600, ile ni 1080 kwa 2400. Hapo wengi wenu mnadhani simu ya pikseli 1080 ina nafasi kubwa kuliko ya 720. Kwa programu yako, mara nyingi nafasi ni ileile. Android haipimi kwa pikseli, inapima kwa dp, na dp moja ni pikseli moja kwenye kioo chenye pikseli 160 kwa inchi. Chukua pikseli za upana, zidisha kwa 160, gawanya kwa msongamano uliowekwa kwenye simu, yaani idadi ya pikseli kwa inchi. Simu ya pikseli 720 yenye msongamano wa 320 inakupa dp 360. Simu ya pikseli 1080 yenye msongamano wa 480 inakupa dp 360 vilevile. Moja ina picha kali zaidi, basi. Ile ya 1080 ikiwekewa msongamano wa 420, unapata dp 411 na kidogo. Kwa hiyo ukiandika kwamba kitufe kiwe na upana wa pikseli 600, kwenye simu moja kinajaza karibu kioo kizima, kwenye nyingine kinaishia katikati. Naona baadhi yenu mnaandika. Andikeni hiyo kanuni, ni fupi na itawasaidia miaka mingi.

Kwa nini 160? Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na kioo cha pikseli 320 kwa 480, na msongamano wake ulihesabiwa kuwa 160. iPhone ya kwanza, mwaka mmoja kabla, nayo ilikuwa 320 kwa 480. Wakati huo mtengenezaji aliweza kupanga kila kitu kwa pikseli, kwa kuwa kioo kilikuwa kimoja. Mwaka 2010 ikaja iPhone 4, kioo kilekile cha inchi tatu na nusu, pikseli zimezidishwa mara mbili kila upande. Apple wakaendelea kuhesabu upana wa 320, ila kila nukta moja ikabeba pikseli nne.

Namba hiyo 320 naomba muishike, maana haijafa. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, mwenye simu anaweza kuingia kwenye mipangilio akakuza ukubwa wa onyesho. Siyo maandishi tu, ni kila kitu: vitufe, picha, nafasi. Akikuza, msongamano unapanda na dp za upana zinashuka. Simu yako ya 360 inakuwa nyembamba zaidi bila kubadilika hata milimita mkononi, na mfumo unamruhusu mtu kushuka hadi dp 320. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, yaani wa kuhakikisha hata wenye shida ya kuona wanaweza kuutumia, toleo la 2.1 la mwaka 2018, nao unataka ukurasa usomeke kwenye upana wa 320 bila kuvuta kando. Ile simu ya mwaka 2008 imerudi ndani ya simu mpya kabisa, imerudishwa na mtu mwenye macho yaliyochoka.

Hapa ndipo penye neno langu la leo. Ukubwa wa kioo hauamuliwi na kiwanda peke yake. Mwenye simu naye anauamua, na ana haki hiyo. Yule mama alikuwa na simu ya kawaida kabisa, inchi sita na ushei, kubwa kuliko yangu. Ningekuwa na orodha ya simu zote zilizopo sokoni nisingeiona shida yake humo, kwa sababu haikutoka kiwandani. Ilitoka kwa mjukuu anayempenda bibi yake.

Maandishi yana kipimo chake, sp, kinachofuata chaguo la mtu. Tangu Android 14 ya mwaka 2023 maandishi yanaweza kukuzwa hadi asilimia 200, na mfumo una busara ya kuyakuza madogo zaidi kuliko yale ambayo tayari ni makubwa. Nimewahi kuona watengenezaji wakiandika ukubwa wa maandishi kwa dp ili yasikue, ati muundo usiharibike. Huko ni kumfungia mtu mlango. Kama muundo unaharibika maandishi yakikua, muundo ulikuwa mbovu tangu mwanzo.

Mafundi cherehani wanaoshona sare za shule wanalijua hili kuliko sisi. Sketi ya mtoto wa darasa la tatu huachiwa pindo nene ndani, kwa sababu fundi anajua mwili huo hautabaki hivyo. Hapimi tu leo. Nasi tukipanga kisanduku, tusikipe urefu wa kudumu. Tukipe urefu wa chini, halafu kiachwe kikue na kilichomo. Kitufe kiwe na urefu wa chini wa dp 48, kama Android wanavyoshauri, kidole kikipate. Juu ya hapo kiruhusiwe kupanda. Kila ukurasa wenye fomu uweze kuvutwa, hata kama kwako unatosha bila kuvuta. Na kitufe kikuu, kile ambacho kikikosekana kazi haikamiliki, kikae juu ya kibodi inapofunguka.

Wanaotumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, mnaijua ile michirizi ya njano na nyeusi inayotokea kitu kikizidi nafasi. Ishukuruni. Tatizo ni kwamba inaonekana kwako unapojaribu tu. Programu ikishatolewa michirizi haipo, kilichozidi kinapotelea nje ya nafasi yake kimyakimya. Mtumiaji haoni onyo lolote. Anaona nusu ya neno.

Nusu ya neno inanileta kwenye Kiswahili chenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana miongozo mingi tunayosoma imeandikwa na watu wasioijua shida hii. Lugha yetu inabeba sentensi ndani ya neno moja. "Haijathibitishwa" ni herufi 16 bila nafasi hata moja ya kukatia mstari. Malipo yakiwa "hayajathibitishwa", ni 17. Weka neno hilo kwenye kilebo, yaani kibandiko kidogo cha neno au mawili, kilichopangwa pembeni mwa jina la mwanachama, kwenye dp 320, maandishi yamekuzwa: litakatika, na litakatikia mwishoni. Sasa Kiswahili kinaweka mambo yake mazito mwanzoni mwa kitenzi, kukanusha na wakati, halafu kitendo kinafuata. Mtu ataona "Haijathi…" tu. Atajua kuna kitu hakijafanyika, hatajua ni kitu gani. Usikimbilie kupunguza maandishi. Kiruhusu kile kilebo cha pembeni kishuke mstari wa chini nafasi ikibana. Kwenye Flutter na kwenye Jetpack Compose, zana ya Google ya kupangia kioo cha Android, kuna mpangilio wa kukunja vitu kwenye mstari unaofuata, tumieni huo. Au tafuta neno fupi: "Bado" inatosha mahali pengi. Msanii wa muundo na mtu wa lugha wakae meza moja mapema, kabla ya rangi.

Na wapo ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba, wanaozungumza Kiswahili nyumbani huku simu zao zimewekwa Kiarabu. Lugha ya simu ikiwa Kiarabu, na programu ikiwa imekubali, mpangilio unageuka, unaanzia kulia. Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012 tunaweza kuandika "mwanzo" na "mwisho" badala ya kushoto na kulia. Fanyeni hivyo tangu faili la kwanza. Kurekebisha baadaye ni kazi ya kuchosha, nimeifanya.

Vioo vikubwa nitavipitia haraka. Upana ukiwa chini ya dp 600, ihesabuni kuwa simu iliyosimama. Kutoka 600 hadi 840 ni kishikwambi kidogo au simu ya kukunja iliyofunguliwa. Juu ya hapo una nafasi ya safu mbili, orodha upande mmoja na maelezo upande wa pili. Msiulize "hii ni simu gani?" Ulizeni "dirisha langu lina dp ngapi sasa hivi?" kwa kuwa mtu anaweza kugawa kioo kati ya programu mbili. Na kuizuia programu isigeuke kioo kikilazwa haitawaokoa: programu inayolenga Android 16 ya mwaka 2025 ikiwa kwenye kioo cha dp 600 na zaidi, mfumo unalipuuza katazo hilo.

Kijana pale nyuma ameuliza kuhusu majedwali. Swali zuri. Jedwali la hisa lina safu tano: jina, hisa, faini, jamii, jumla. Kwenye dp 320 ukitoa pambizo unabakiwa na 288, chini ya 58 kwa kila safu, na jina la Mtanzania haliingii hapo. Sisi tulilivunja. Kila mwanachama akapewa kadi yake, jina juu peke yake, jumla kwa maandishi mazito chini yake, mengine yanafunguka ukigusa. Yule mama ndiye aliyesema jumla ikae juu ya hayo mengine, kwa sababu ndiyo wanayomuuliza kikaoni.

Sasa toeni simu zenu, wenye Android. Ingieni kwenye mipangilio, kuzeni maandishi hadi mwisho, kisha ukubwa wa onyesho hadi mwisho. Fungueni programu mliyotengeneza kwa ajili ya mradi wenu. Nendeni kwenye fomu ndefu kuliko zote, gusa kisanduku cha mwisho ili kibodi ifunguke, halafu umpe jirani yako simu bila kumwambia chochote, umwombe ahifadhi. Tunaanza na meza ya mbele.