Kompyuta ya Mezani na Betri ya Gari

Ndugu walimu, wenye steshenari na mafundi mliofika kutoka Mbalizi, Uyole na Tukuyu, nawasalimu. Nimeombwa nijibu swali linaloulizwa kila umeme unapokatika katikati ya kazi: je, kompyuta ya mezani inaweza kuendeshwa kwa betri ya gari? Inaweza, wala hakuna ugumu. Kinachonihuzunisha ni kwamba watu hufanikiwa siku ya kwanza, kisha baada ya miezi michache betri imekufa na fedha zimepotea. Kwa hiyo leo nitasema zaidi juu ya betri kuliko juu ya kompyuta.

Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana ikijaa na kutulia hupima volti 12.6 au zaidi kidogo. Sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi kwa makusudi, ili eneo kubwa liguse tindikali na betri iweze kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kazi hiyo, pamoja na ukali wake, haimalizi hata asilimia moja ya chaji, na gari likishawaka alternata, yaani jenereta yake, huirudisha upesi. Kompyuta huvuta umeme mdogo kwa saa nyingi mfululizo, na kadiri chaji inavyoshuka ndivyo salfeti ya risasi inavyojikusanya juu ya sahani. Betri ikiachwa tupu kwa siku kadhaa, salfeti hiyo hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiziondoi tena, na sehemu hiyo ya sahani inakuwa imekufa.

Tupige hesabu. Betri ya N70 ina takriban ampea-saa 70, ambazo zikizidishwa kwa volti 12 ni wati-saa 840, nami nawasihi mtumie nusu tu, yaani 420. Msiogopeshwe na maandishi ya wati 400 kwenye pawasapulai, kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta, kwa sababu huo ni upeo wake, si matumizi. Kompyuta ya ofisi inayochapa barua, pamoja na skrini bapa, hutumia karibu wati 100. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani ili kompyuta iutumie, nayo hupoteza kama asilimia 15 kwa joto, hivyo betri itatoa wati 118, sawa na ampea 10 hivi, na zile wati-saa 420 zitatosha kwa muda wa saa tatu na nusu. Ninyi wekeni tatu, au pungufu kidogo, maana ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri hupimwa kwa kuitoa chaji polepole kwa saa 20, na ikivutwa kwa nguvu zaidi haifikishi kiasi hicho. Baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya, na zaidi kule Makete, hupunguza tena kidogo, ingawa baridi hiyohiyo huiongezea betri umri kuliko joto la pwani.

Wengi hungoja inveta ilie ndipo wazime. Hapo wamechelewa mno: inveta nyingi hujizima kwenye volti 10.5 hivi, ilhali betri iliyotulia ikipima 12.2 imebaki na nusu, na ikipima 11.8 ni kama tupu. Nunueni mita ndogo ya kupimia volti. Zimeni kompyuta, ipumzisheni betri, pimeni, na baada ya majuma machache mtajua betri yenu inavumilia saa ngapi.

Kabla ya kuongeza betri ya pili, punguzeni mzigo. Skrini ya chogo peke yake inaweza kula sawa na kompyuta yenyewe, na printa ya leza, kwa kuwa hupasha joto rola yake, huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Wenye steshenari, hiyo isubiri umeme urudi. Na ambaye hajanunua bado, anunue betri ya sola yenye sahani nene, ambayo imeundwa kwa kazi hii hasa.

Sasa nyaya. Ampea 10 kwenye volti 12 hazitaki waya mwembamba wa taa. Tumieni waya mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, kwa sababu waya ukigusana pasipo fyuzi, betri itamwaga umeme wote hapo na moto utawaka kabla hamjafika kuuchomoa. Chajini betri siku hiyohiyo mliyoitumia, mahali penye hewa, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja yatosha kuilipua. Najua katika miezi ya baridi hapa kwetu milango na madirisha hufungwa mapema jioni. Betri inayochajiwa isifungiwe chumba kimoja na watoto waliolala.