Dakika 28 kwenye Kivuko cha Kamanga

REHEMA: Kaka Mabula, kabla hujawakaribisha watu kwenye kipindi, waambie Jumanne ulikuwa wapi.

MABULA: Nilikuwa naenda Sengerema, dada, kwenye mahari ya binamu. Nikapanda kivuko cha Kamanga, kutoka Mwanza mjini kuvuka Ziwa Victoria. Honi ilipolia nikabonyeza wimbo: Liquid Tension Experiment, bendi ya roki ya Marekani inayopiga vyombo tu bila mwimbaji, albamu yao ya kwanza ya 1998, ule unaoifunga, "Three Minute Warning". Onyo la dakika tatu! Tumevuka, mlango umeshushwa, magari yametoka, na jamaa bado wanapiga.

REHEMA: Dakika ngapi kwani?

MABULA: 28 na ushee. Na hawakuandika kitu. John Petrucci gitaa, Mike Portnoy dramu, Jordan Rudess kinanda, Tony Levin besi. Walianza tu wakawa wanasikilizana.

REHEMA: Si ungezunguka darajani, Kigongo–Busisi?

MABULA: Darajani gari halimalizi dakika nne. Ningepata jina la wimbo. Wimbo wenyewe uko kivukoni.

REHEMA: (anacheka) Basi leo tunapima kwa kivuko. "Acid Rain"?

MABULA: Hiyo ya albamu ya pili, 1999. Dakika sita na kitu. Bado hata hamjatoka gatini.

REHEMA: "When the Water Breaks"?

MABULA: Kama dakika 17. Hapo Jiwe la Bismarck, lile la ufukweni Mwanza, limeshabaki nyuma kabisa, mama wa samaki wakavu pembeni yako ameshasinzia. Na huo una habari yake. Wakiwa studio, mke wa Petrucci akashikwa na uchungu. Petrucci akaondoka kwenda kumpokea mtoto, watatu waliobaki wakaendelea kupiga. Ndiyo maana ya jina, chupa ikipasuka.

REHEMA: Haya, hapo hapo simama. Umenisimulia kwa nini?

MABULA: Ni habari nzuri.

REHEMA: Kwa sababu wimbo hauna maneno, umelazimika kuniazima ya kwako. Mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi, kaka. Mwimbaji analia, anaeleza alivyoachwa, halafu magitaa yanaingia na sebene, watu wote wanainuka. Sebene ni tamu kwa sababu kuna mtu alilia kabla yake. Hawa wanakupa sebene tangu mlangoni. Tunacheza kwa ajili ya nani?

MABULA: Na ukifika ukumbini umechelewa, ukakuta sebene imeshaanza, unakaa chini?

REHEMA: Nacheza, lakini najua kuna maneno yamepita.

MABULA: Mimi wimbo ule niliupenda miaka kabla sijajua habari ya mtoto. Na Jumanne kivukoni kuna mahali Rudess anashusha sauti, Levin anabaki karibu peke yake, na maji yanapiga ubavuni. Nikamkumbuka baba. Nani aliniimbia baba?

REHEMA: Uliye naye moyoni, si wao. Tena kama "Three Minute Warning" ni kitu kimoja, mbona kwenye diski wamekikata vipande vitano?

MABULA: Ni namba za kurukia tu, hakuna ukimya katikati. Kivuko kina orodha ya abiria, lakini safari ni moja.

REHEMA: Hiyo haijanijibu.

MABULA: Nimekujibu, hujakubali.

REHEMA: Na sitakubali. Nimesikiliza albamu zote mbili, usiku, taa zimezimwa, kwa heshima yote. Vidole vyao navivulia kofia. Petrucci na Rudess wanapokimbia noti zile zile kwa pamoja, nashika kichwa. Ila sijasikia mtu akinililia.

MABULA: Mimi namsikia.

REHEMA: ...

MABULA: Saa yetu hiyo, fundi ananionyesha mkono. Na nilikuwa nimeandaa mpangilio mzima, msikilizaji mgeni aanzie wapi, aruke nini.

REHEMA: Albamu ya tatu hatujaigusa kabisa.

MABULA: Ya 2021, miaka 22 baada ya ya pili! Wamepiga humo "Rhapsody in Blue" ya George Gershwin, ya 1924, kama dakika 13.

REHEMA: Nusu ya kivuko. Na Gershwin naye hakuweka maneno, najua utasema hivyo.

MABULA: Sijasema.

REHEMA: Ulikuwa unavuta pumzi.

MABULA: Jumamosi narudi Sengerema. Njoo tupande wote, nakupa spika moja ya sikioni.

REHEMA: Nakuja. Lakini kurudi, nachagua mimi wimbo, na mtu aimbe.